Uzi Wako Mwekundu Umeishia Stesheni

Dada yangu mpendwa, Kabula,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, ila wewe ndiye uliyekuwa ukinifinya sikio nikipita mbele ya wakubwa bila kusalimia. Basi ipokee hukohuko uliko.

Nakuandikia kutoka nyumbani kwako, hapa Nyarugusu. Nimekalia kigoda chako. Maharage yako mekoni kwenye sufuria yako, na mwanao Limi anacheza uani na kuniita mama. Mumeo yuko mashimoni tangu alfajiri, anatafuta dhahabu ambayo kila siku iko karibu kuonekana. Huu ni mwaka wa sita tangu homa ikuchukue, na watu wa hapa wananiita Mama Limi, kama walivyokuita wewe. Nikiitwa hivyo njiani huwa bado nageuka nyuma kukutazama. Mjinga mimi.

Leo nimekitoa kile kitambaa chetu. Tulipokianza wewe ulikuwa na miaka kumi na saba, mimi kumi na minne, baba akiwa fundi wa reli pale Shinyanga. Jumapili baada ya misa wenzetu walikwenda kupiga soga sokoni, lakini wewe ulitunga sheria yako: kila Jumapili njia moja ambayo hatujawahi kuikanyaga. "Mayu wane, mama yangu!" mama alikuwa akilia. "Hawa watoto wanatafuta nini vichochoroni?" Ukamjibu kwamba tunautafuta mji. "Si huu hapa?" alisema mama, na wewe ukacheka mpaka ukashika ukuta. Uliniambia tukiwa njiani: "Milembe, anayesema ameumaliza mji ni mvivu wa miguu."

Nyuma ya kiwanda cha pamba uliniita nione ua wa minyaa, pamba imenasa kila kijiti utadhani imechanua yenyewe. Chini ya tangi la maji ya treni tulimkuta yule mzee mlinzi na matuta yake matatu ya mchicha, anayamwagilia kwa matone yanayovuja, na akatuapisha tusimwambie baba. Ulichora kwa mkaa kwenye karatasi ya sukari. Nyumbani tukakihamishia kitambaani, merikani ya mfuko wa unga, na kuanza kudarizi. Njia yako uliishona kwa uzi mwekundu, yangu nikaishona kwa kijani. Zinakwenda sambamba mji mzima, isipokuwa pale kwenye jabali, ambapo nyekundu inapanda peke yake. Mimi niliogopa, nikabaki chini nikilinda viatu.

Na yule mama wa Kihindi, mke wa mwenye duka la vitambaa! Alitukuta tunachungulia ua wake, akauliza, "Nyinyi wezi?" Ukamjibu bila kupepesa jicho: "Hapana mama, sisi wachoraji." Loo, Kabula, ulikuwa na uso mkavu wewe! Akatuingiza ndani, akatupa embe za achari, akatufundisha mshono wa mnyororo na kutupa vipande vya nyuzi. Sijapata kuwa na furaha kama ya siku ile. Nasema kweli.

Siku moja kabla ya harusi yako ulishona mpaka stesheni, maana kesho yake ungepanda treni kwenda kwa mumeo. Ukakata uzi kwa meno, ukasema, "Naishia hapa kwanza. Nikija kuwasalimia nitaendelea." Hukuja. Ilikuja mimba, akaja Limi, ikaja homa ya siku tatu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia hata kaburini kwako. Siku ya kumaliza matanga, wazee wa pande zote mbili walikaa uani hapa, wakauliza nani atashika nyumba ya marehemu. Wewe unajua, na kila msichana wa kwetu anajua: swali hilo likiulizwa unainama, mikono unaiweka mapajani, unawaacha shangazi waseme. Nami niliinama. Lakini Limi alikuwa na miezi minane, na alikuwa analia tangu asubuhi, anapitishwa mkono kwa mkono kama hindi la moto. Sikuweza. Niliinuka, nikamchukua, nikamfunga mgongoni kwa kanga ya kwanza niliyoiona kwenye kamba. Ilikuwa kanga yako. Akanyamaza palepale. Kugeuka, naona na ua wote umenyamaza.

"Amejibu," mzee mmoja akasema.

Mama akajifunika uso. Mahari yako ilikwisha kuliwa, na hakuna aliyeniuliza mara ya pili. Nilikuwa nimembembeleza mtoto tu, dada. Kumbe nimeolewa.

Baba Limi si mtu mbaya. Hanipigi, hanitukani, akipata kitu analeta nyumbani. Angekuwa mbaya ningekuwa na la kusema kwa watu. Lakini ulimi wangu mpaka leo unataka kumwita shemeji. Mara mbili umeniponyoka mbele ya wageni, na mara zote mbili aliangalia chini. Naye amefungwa humuhumu, nadhani. Tunapishana mlangoni kama watu wanaosubiri mwenye nyumba arudi.

Nilijaribu sheria yako hapa. Jumapili ya kwanza nikatoka na mkaa na karatasi. Kila nilipopita: "Mama Limi, umepoteza mbuzi?" Jumapili ya pili mama mkwe akanifuata mwenyewe. "Mke wa mtu hazururi," alisema, akaninyang'anya karatasi akawashia moto. Nikarudi ndani. Na nyuzi nitazitoa wapi, wakati duka la ushirika hata sabuni halina? Nafumua pindo za vitenge vilivyochakaa, nashona njia yangu kupita stesheni, nafumua tena, nashona tena. Nakaukiwa humu ndani, Kabula. Kuna siku natamani kupiga kelele tu, basi.

Mwezi uliopita ikaja barua. Yule mtawa aliyetufundisha kushona Shinyanga amepata darasa la wasichana, anataka mtu wa kufundisha kudarizi. Chumba kipo. Niliisoma mara nne chooni, maana ndipo mahali pekee ninapokuwa peke yangu. Nikamwonyesha Baba Limi. Akaisoma polepole, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Sikufungi kamba," alisema. "Nenda. Ila Limi ni wa ukoo wetu. Anabaki."

Lori la Geita huondoka Jumatatu. Nilifunga nguo zangu kwenye kanga, dada. Nisikudanganye, nilifunga na moyo ulikuwa unaruka kama wa siku ya jabali, na safari hii nilikuwa nimeamua kupanda.

Jumapili Limi akanikuta nimekitandaza kitambaa. Akaweka kidole. "Huku wapi?" Nikamwambia. Akaifuata njia yote, tangi, ua wa Mhindi, jabali, mpaka kidole kikafika stesheni. "Mama, mbona nyekundu imeishia hapa na kijani inaendelea?"

Nilikuwa na jibu tayari. Ningesema uzi uliisha. Badala yake nikamwambia yote: kwamba nyekundu ni ya mama yake aliyemzaa, aitwaye Kabula, mwenye uso mkavu kuliko watu wote wa Shinyanga, na kwamba amelala pale nyuma ya migomba. Nikangoja alie. Hakulia. Akaniuliza:

"Na wewe unaitwa nani?"

"Milembe."

Miaka sita, dada, jina hilo halijatamkwa ndani ya nyumba hii. Limi akalirudia taratibu, mara mbili. Kisha akauangalia ule mzigo wangu mlangoni, maana watoto wanaona kila kitu, akashika upande wa gauni langu.

"Milembe," alisema, "usiende."

Jumatatu nililisikia lori likipiga honi barabarani, nikiwa hapahapa nachambua maharage. Lilipiga mara tatu, likaenda zake. Nguo zangu bado zimo kwenye kanga, sijazifungua.

Usinishukuru, Kabula. Sikubaki kwa ajili yako, wala kwa ajili ya mzee aliyesema nimejibu. Kama mtoto yule angesema "Mama, usiende," badala ya kuniita kwa jina langu, ningekwenda. Wallahi ningekwenda.

Pumzika, dada yangu. Uzi wako nimeuacha palepale ulipoukata.

Ni mimi mdogo wako,
Milembe