Maji ya Dawa ya Vifaranga

Wifi,

Nimeenda duka la mifugo kuongeza dawa ya kuhara damu. Vifaranga wanywe maji ya dawa tu, siku tano. ~~Ukiona wana kiu sana waongezee ya kawaida.~~ Hapana, usiwape mengine kabisa. Ndilo kosa langu: niliwaachia na beseni la maji matupu, wakakimbilia hilo. Asubuhi nimekuta watatu wamekufa, na yule mweusi wako yumo.

Maranda ya bandani yaliyolowa nimeyazoa, nimemwaga makavu. Chombo cha maji kikae juu ya tofali, yasimwagike tena.

Juzi uliposema banda linanuka, nikakujibu, "Pua ya mgeni hiyo." Kumbe pua yako imeyashinda macho yangu. Nisamehe.

Wamebaki tisa. Chagua wako, hata yule wa madoadoa ninayekunyima kila siku.

Wifi yako