Macho ya Zhor

Jumanne, 3 Mei 1994
Picha ya Zhor imekwisha! Gauni la rangi ya chungwa, samaki kifuani wa kukinga kijicho, ndege wawili mabegani. Na macho — makubwa, yamejaa uso. Sikusomea kuchora mimi. Mkono wangu ulifunzwa na mazulia ya mama.

Zhor mwenyewe, jirani yangu, kaitazama, kacheka hadi kushika mbavu. Eti shingo yote hii nimeitoa wapi, yeye twiga? Kisha kaisogelea. Kasema hajawahi kujiona mzuri hivi.

Wiki ijayo inakwenda Algiers, kwenye maonyesho.

Alhamisi, 5 Mei
Zhor kanipa mgongo sokoni. Mimi! Sisi tuliokula kuskusi sinia moja miaka yote hii.

Mke wa mwanangu, Lynda, ananiambia Kamel, mwana wa Zhor, karudi kutoka mlimani. Kaja na wenzake wa bunduki, wanaojiita wapiganaji wa dini. Mji mzima wa Blida unajua. Hakuna anayesema.

Ijumaa, 6 Mei
Zhor kaja wanaume wakiwa msikitini. Hakuketi. Kahawa hakugusa. Anataka nimfute.

"Kamel anasema umemwanika mama yake uchi."

"Uchi? Gauni limefika vifundoni!"

"Macho, dada. Macho ndiyo yako uchi."

Akalia. Nikamwambia nitafikiri. Uongo — moyoni nilishakataa.

Jumamosi, 7 Mei
Asubuhi, kizingitini: kipande cha sanda na mche wa sabuni ya kuoshea maiti.

Ya nani? Lynda anafundisha shule kichwa wazi, kasema ni yake. Nikasema ni yangu. Tukagombana kama wanaogombea pete! Tukacheka. Halafu tukakaa chini pale pale.

Nimemlazimisha aende kwao Béjaïa. Alinisihi twende wote. Nikasema picha haijakauka.

Jumatatu, 9 Mei
Nilichovya brashi kwenye buluu, nimfute Zhor yaishe. Mkono umegoma. Badala yake nimemtia wanja, mzito, macho yazidi kuwaka. Wazimu! Lakini sasa ananitazama kama anayetaka kusema.

Mlango!

Ni Zhor. Kaniletea mkate wa moto, anasema, nifungue. Sauti kavu, kama ya mtu anayesomeshwa maneno.

Nimepiga magoti sakafuni. Kwenye upenyo chini ya mlango naona makubadhi yake. Nyuma yake, buti. Jozi mbili.

"Fungua, dada. Niko peke yangu."

Wala sikumuuliza yuko na nani.