Kapeti Limelowa, na Mume Wangu Anakula Barazani

…na ndiyo kwanza nilikuwa nafika kwenye kapeti lenyewe, Shangazi Levina, pale simu ilipokatika juzi kwenye kipindi, nikabaki na simu mkononi nakusikia redioni ukicheka na msikilizaji mwingine, nikasema basi nitaandika, maana jambo hili kulisema nusu ni kama kwenda kanisani na kiatu kimoja. Shikamoo, Shangazi. Ni mimi Dativa, yule bibi harusi wa Ifakara, na natafuta mtu wa kunisikiliza mpaka mwisho.

Kwanza ujue kwamba nina furaha. Nimeolewa na Fulgensi, mwanamume ambaye nikitaja jina lake peke yangu jikoni najikuta nalichekea sufuria. Ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga kule Mchombe, na tulifunga ndoa baada ya Pasaka, mvua ikatunyeshea tangu mlango wa kanisa mpaka ukumbini, watu wakasema ni baraka. Siku aliyoniingiza nyumbani alinisimamisha mlangoni akasema, "Vua viatu, fumba macho," nikavua, nikafumba, nikakanyaga kitu laini kama mgongo wa kifaranga, na nilipofumbua nikaona kapeti la manyoya, rangi ya maziwa, limejaa sebule nzima. "Mke wangu hatakanyaga saruji," akasema. Nililia, Shangazi. Kwetu Mofu mto ukijaa tope linaingia mpaka chini ya kitanda, na hapa mtu ananitandikia mawingu!

Nikaapa kulitunza. Chini yake nikatandika nailoni lisiguse sakafu, makochi mapya nikayaacha na nailoni zake za dukani, juu nikaweka vitambaa nilivyofuma mwenyewe, madirisha nikayafunga mvua isirushe matone, na mapazia nikayashusha jua lisije likababua rangi.

Sasa wanawake wa mtaani wakaja kumwona bibi harusi, kama ilivyo desturi, wametoka shambani moja kwa moja na kuku wa zawadi mkononi, wakiongozwa na Mama Evelina wa nyumba ya jirani, na mimi nikaiona ile miguu yenye tope, nikasema, "Jamani, tukae hapa barazani, ndani kuna joto." Nikawatandikia mkeka. Mama Evelina akachungulia mlangoni, akaliona kapeti, akawageukia wenzake akasema, "Tukaeni, mama zangu. Miguu yetu ya majaruba ya mpunga itayatia manyoya mafua." Walicheka, nami nikacheka, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyerudi. Wakipita njiani wananisalimia bila kusimama, "Bibi Kapeti, hujambo?" nami naitikia sijambo, na wameshapita.

Fulgensi hurudi Jumamosi na kuondoka Jumatatu alfajiri, kwa hiyo wiki nzima ni mimi na makochi, tunatazamana. Hata kuyakalia siwezi, kwa joto hili nailoni inanasa mapajani, nikiinuka inalia kama plasta inayobanduliwa, basi hukaa chini na sahani yangu mapajani, redio nikiiwasha si kwamba nasikiliza, ni ili mtu azungumze humu ndani. Ndivyo nilivyomwaga mchuzi wa samaki, perege, katikati kabisa ya kapeti.

Nilichanganyikiwa. Nikamwaga maji ndoo kwa ndoo na sabuni ya unga, nikalikanyaga palepale sebuleni kama tunavyokanyaga blanketi mtoni, na doa likatoka kweli, ila nilipotaka kulitoa nje lianikwe, halikwenda popote. Nililivuta kama ng'ombe aliyegoma. Dirishani nikamwona Mama Evelina uani kwake anageuza mpunga kwenye turubai, ilikuwa ni kuita tu, "Jirani, njoo unishikie huku," nikarudishia pazia. Nitamwita vipi aje anyanyue kapeti nililomkataza kulikanyaga?

Likabaki pale. Nilikamua kwa khanga mpaka viganja vikachubuka, mvua ikanyesha juma zima, na madirisha sikufungua, kwa sababu harufu ilishaanza na niliogopa ifike kwa majirani. Sasa linanuka kama gunia lililosahauliwa kwenye maji, pembeni limeota ukungu mweusi, na makochi nayo, nikifunua nailoni, yana madoadoa ya kijivu. Nimepulizia manukato yangu ya harusi mpaka yote yameisha.

Na Fulgensi wangu, Shangazi, akiingia anapiga chafya mpaka machozi, kifua kinambana, anachukua kigoda anakwenda kula barazani, nami nikimfuata ananishika mkono vizuri tu lakini ndani harudi, na Jumapili iliyopita aliondoka mara baada ya misa. "Kule napumua, Dativa," akaniambia, "nalala fofofo." Juzi akatuma ujumbe kwamba mavuno yamekolea, huenda asirudi mpaka msimu uishe. Kwenye picha ya harusi bado anacheka. Je, amenichoka kabla hata maua ya harusi hayajakauka? Nimfuate Mchombe nikaone anakolala? Kapeti nilifiche wapi asijue nimeliharibu? Nijibu hata kwa ukali, Shangazi. Ukali nao ni mazungumzo.

Dativa, Ifakara

*

Marahaba, mwanangu, na pole. Ukali umeuomba mwenyewe, usije ukasema nimekuonea.

Mumeo hajakuchoka. Mwanamume anayeshinda kwenye vumbi la pumba, halafu anasema huko anapumua kuliko sebuleni kwako, huyo hana nyumba ndogo, ana pua. Umemwekea ukungu ndani ukafunga madirisha, kisha ukaumwagia manukato juu yake. Hata mimi ningechukua kigoda. Mchombe usiende kupeleleza. Mpigie simu leo, umwambie hivi: "Nimelowesha kapeti letu, limeoza, na nilikuwa naogopa kukuambia." Aliyekuambia ufumbe macho ili akufurahishe hatakupa talaka kwa mchuzi wa perege. Na kifua kikiendelea kumbana hata nyumba ikishakauka, aende hospitali akapimwe, msikae mkikisia.

Sasa kapeti. Bonde lenu la Kilombero si mahali pa kumwagia ndoo kitu chenye manyoya. Hewa yenyewe imelowa, sakafu inatoa jasho kutoka chini, nawe umelaza nailoni katikati ili jasho likose pa kwenda. Mchuzi ukimwagika unafyonzwa kwa kitambaa kikavu, kisha unapangusa kwa kitambaa chenye povu kidogo, kilichokamuliwa, unarudia na maji kidogo, unakausha kwa taulo. Basi! Kapeti halikanyagwi kama blanketi, labda liwe limeshatoka nje, kuna jua, na kuna watu wa kulibeba.

Hapo kwenye watu ndipo nataka unisikilize. Kapeti lililolowa mtu mmoja halinyanyui, hata awe na mapenzi kama yako. Kwa hiyo siku ya kwanza jua likitoka asubuhi, vaa khanga yako, vuka uani kwa Mama Evelina, upige hodi, uamkie vizuri, useme: "Mama, nilikosa. Niliwakalisha nje nikiogopa tope, na sasa nimezama mwenyewe. Nisaidie." Usijitetee, wala usitaje joto. Atakutania? Atakutania sana, tena mbele za watu, nawe vumilia, maana mtu anayekutania bado hajakutupa. Wale walibeba kuku kuja kwako, Dativa. Watashindwa kubeba kapeti?

Mlitandaze juu ya mabenchi, mgongo wake uangalie jua kwanza. Likikauka fungeni khanga puani mlichape, mlipige brashi, halafu penye ukungu pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji, na lianikwe tena. Dawa ya kung'arishia nguo usiisogeze, na kuichanganya na siki ni hatari. Lakini kagua mgongo wake. Ukikuta gundi inamomonyoka na weusi umeingia mpaka ndani, hilo limekufa. Kata kipande kilichobaki kizima, kiwe cha mlangoni, kingine chote tupa. Mapenzi ya Fulgensi hayakufumwa humo.

Kwenye makochi vua nailoni zote leo, si kesho. Ile ilikuwa nguo ya safari ya kutoka dukani. Simamisha mito juani, madoa yapanguse kwa kitambaa chenye siki, kilichokamuliwa vizuri, kisha sogeza makochi yaache nafasi na ukuta. Madirisha yafunguliwe kila asubuhi ambayo hakunyeshi, na mbu wawekee wavu. Sakafu iache tupu mpaka mvua ziishe. Saruji haikuui, ulilelewa kwenye udongo ukawa mrembo wa kutosha kuolewa.

Jambo la mwisho, na hili nalisema taratibu. Ulipoandika kwamba unawasha redio ili mtu azungumze humo ndani, niliiweka barua yako chini kidogo. Mimi ndiye ninayezungumza humo, mwanangu, na siwezi hata kukushikia pembe ya kapeti. Mama Evelina anaweza. Nyumba ya bibi harusi haiharibiwi na miguu ya watu. Tope likikauka linafagiwa, ila hiyo sebule uliyoifungia mwenyewe ona ilivyoota ukungu.

Nina safari ya Mlimba kabla mwezi huu haujaisha, na nitateremka Ifakara. Sitaki kuku wala pilau. Nataka kukuta madirisha wazi, na Mama Evelina amekaa kwenye kochi lisilo na nailoni. Mvua ikinikuta njiani nitafika na tope langu miguuni, nawe utanifungulia, utaniambia, "Karibu ndani, Shangazi." Kabla mwezi haujaisha, Dativa. Nakuja.

Shangazi Levina