Mkate wa Houma

Beaumont, Texas
6 Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Sisi hatujambo, ila joto la huku linachemsha maji bila jiko.

Ulinikatia simu, kisha ukaichomoa ukutani. Haya, barua hutaikatia. Kampuni yako ya bima imeandika kwamba inaondoka pwani, na mwisho wa mwezi huu nyumba yako haina bima. Baba wa ubatizo Ulysse ni wakala wa kampuni hiyo moja tu. Ikifunga mlango, naye amefungiwa nje. Tafuta wakala wa kujitegemea, anayekuchagulia kati ya kampuni nyingi. Nilimpata mmoja hapa, mzuri, lakini leseni yake inakomea mto Sabine, mpakani mwa Texas. Lazima awe wa jimbo lako. Muulize: una leseni ya Louisiana? Unauza bima za kampuni ngapi? Na siku ya pili baada ya dhoruba nani atapokea simu, wewe au mashine?

Tena usimchague kwa sababu mlisoma naye katekisimu.

Mwanao,
Noemie

Chauvin, Louisiana
13 Julai

Mwanangu Noemie,

Marahaba. Goti ni lilelile, linatabiri mvua kuliko televisheni.

Umekua, sasa unanifundisha kununua bima! Ulysse ndiye aliyekubeba siku padri anakumwagia maji, ukamtapikia shati lake la harusi. Tangu baba yako afe, nani ananiletea kamba wa kupika kila Ijumaa? Wewe? Miaka thelathini na moja ameshughulikia bima ya nyumba hii. Leo niende kwa mgeni mjini Houma, Jumapili nikae na Ulysse kanisani? Uso nitauweka wapi? Amesema atapata njia. Niache.

Mama yako

Beaumont
18 Julai

Mama,

Shikamoo. Najua goti linauma. Mimi nina hasira.

Njia ipi? Hana njia! Na desturi ya mawakala unaijua kuliko mimi: dhoruba ikiingia Ghuba ya Meksiko, kalamu zinawekwa chini. Haandikiwi mtu bima mpya, hata awe askofu. Nyumba hiyo ndiyo kila ulicho nacho, Mama. Paa likiondoka hakuna wa kukurudishia hata msumari.

Nimekuulizia. Yuko Verdine Naquin, Houma, jirani na duka la mikate. Leseni anayo, na anauza bima za kampuni tisa. Nenda, nakuomba.

Mwanao akupendaye hata ukinuna,
Noemie

Chauvin
29 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimenyamaza kwa aibu, si kwa kiburi.

Jumanne nilikwenda Houma. Gari nikalificha nyuma ya duka la mikate. Kushuka tu, naona pembeni gari jekundu la Ulysse! Naye huyo hapo, mkoba wa makaratasi kwapani, mkono kwenye kitasa cha mlango wa Verdine. Tukatazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye banda moja la kuku.

"Zelia! Unafanya nini huku?"

"Nanunua mkate. Na wewe?"

"Mkate."

Kumbe kampuni yake imemtupa hata yeye! Miaka yote hiyo, na nyumba yake haina bima kama yangu. Basi tukaingia dukani, tukanunua mkate mmoja mmoja, tukarudi Chauvin kila mtu na gari lake. Kwa Verdine hakuingia mtu. Nilicheka njia nzima, halafu nyumbani nikalia.

Nitakwenda wiki ijayo, siku ambayo yeye hayuko.

Mama yako

Beaumont
1 Agosti, kwa posta ya haraka

Mama!

Shikamoo nitakupa tukionana. Wiki ijayo ipi? Tangu jana nyumba iko uchi! Dhoruba iko kusini mwa Kuba, na wanasema kesho jioni itaingia Ghuba. Barua hii ikikufikia, hata kahawa usimalize. Nenda Houma. Ulysse akikuona, na akuone! Ukishatia saini, kimbilia kwa shangazi kule Opelousas. Naogopa, Mama.

Noemie

Chauvin
12 Agosti

Mwanangu Noemie,

Mimi mzima, goti na yote. Simu zimekufa, na safari hii si mimi niliyechomoa.

Barua yako ilifika saa mbili asubuhi. Natafuta funguo za gari, namwona Ulysse mlangoni, hajanyoa. "Zelia," akasema, "twende tukanunue mkate." Nikapanda gari lake.

Kwa Verdine watu walijipanga mpaka nje. Tulipofika mezani, saa saba na nusu, Ulysse akanisukuma mbele. "Mwandike huyu kwanza," akasema. "Mimi ndiye niliyemchelewesha."

Nami, Noemie, kwa kuwa uliniambia niulize, niliuliza. Maswali yako yote matatu, moja baada ya jingine, watu wakiguna nyuma yangu. Verdine alijibu kwa adabu, hata akaniandikia namba ya nyumbani kwake. Nikatia saini. Akachukua fomu ya Ulysse, akaandika jina lake, na kompyuta ikalia. Dhoruba ilikuwa imeingia Ghuba mapema. Verdine akaiweka kalamu chini.

Maswali yangu yalichukua dakika kumi. Zilikuwa zake.

Ulysse akavaa kofia. "Basi mkate wa leo nanunua mimi," akasema, akanipeleka Opelousas.

Paa langu limekwenda. Nilipiga namba ile kwa simu ya zimamoto, akapokea Verdine mwenyewe. Mkaguzi anakuja Alhamisi. Paa la Ulysse nalo limekwenda, pamoja na ukuta mmoja, na kwake haji mkaguzi. Jana Ijumaa kaniletea kamba.

Njoo, mwanangu. Leta maturubai mawili. Lile kubwa ni lake.

Mama yako