Kidole cha Mzee Lubinza

Kizwite, Sumbawanga

Mdogo wangu Kabula,

Nakusalimu wewe na mama. Mgongo wake umepata nafuu? Mimi ni mzima wa chuma, ingawa baridi ya huku Ufipa si mchezo. Juzi alfajiri nilimfokea mbwa, sauti ikaganda hewani, akaisikia saa sita mchana ndipo akakimbia. Lakini nina koti la mitumba lililovaliwa na jenerali wa Ulaya. Baridi inaniogopa.

Sasa kaa chini. Binti yako Nyamizi yuko hapa.

Unajua mimi ndiye mlinzi wa geti kwenye nyumba ya masista wanaofundisha wasichana kusoma na kushona. Hata askofu akija hunisalimia mimi kwanza. Basi wiki iliyopita alifika msichana miguu imevimba, ametembea kutoka bondeni Kaoze. Nikatazama ile pua: ni yako. Baba mkwe wako wa zamani, Mzee Lubinza, alikwishapokea ng'ombe ili amwoze. Sista akampa kitanda na cherehani.

Siku ya tatu Lubinza akaja na fimbo. Kwa koti lile hakunitambua.

"Fungua. Nimemfuata mjukuu wangu."

"Shikamoo mzee. Hapa mgeni huandikwa kwanza kitabuni."

"Kuandika sijui."

"Nitakuandikia. Sema."

"Andika nimekuja kumchukua."

Kabula, nilimkumbuka baba. Walipokufukuza kwa mumeo, mzee huyuhuyu alimletea karatasi aliyoandikiwa, akaapa ni ya kurudisha ng'ombe tu. Marehemu akaweka kidole. Kumbe imeandikwa umemwacha mtoto kwa hiari yako. Kwa kidole kile hukumwona tena mwanao.

Nikaandika, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne ulioshinda wilaya nzima: "Mimi babu yake nimemleta Nyamizi kwa hiari yangu. Asome mpaka amalize. Wa kumchukua ni mama yake tu." Nikamshika kidole, nikakichovya wino, nikakikandamiza kama napiga ng'ombe chapa.

Sista akaja, akasoma kwa sauti.

"Sikusema hayo," alisema Lubinza.

"Kidole si chako, babu?" Sista akauliza.

"Ni changu."

"Basi Mungu akubariki."

Nikavua kofia. Akanitazama sana. "Wewe mtoto wa nani?"

"Wa yule mzee uliyemwekesha kidole."

Akaondoka anakisugua kwenye suruali, wino hautoki. Kiu ilimkaba, sikumpa hata maji, na sijutii.

Nyamizi anauliza kama bado unamjua. Panda basi uje. Kitabu kile kile kinakungoja, na wewe jina lako unajua kuliandika.

Pokea sabuni hizi za kuogea, siku hizi zimejaa madukani, foleni zimekwisha. Moja mpe shemeji, mke wa kaka yetu mkubwa. Mama naye, akipita kaburini kwa baba, amwambie kidole chake nimekirudisha.

Ni mimi kaka yako, mwenye ufunguo wa geti,
Masunga