Ndimi za zambarau

Kitanga, Agosti 2014

Mjukuu wangu Neema,

Huku hatujambo, ila mtoto anaota meno na usingizi sina. Usicheke nikikuita mjukuu wakati tunakaribiana umri. Bibi yako ni dada yangu.

Unasema chuoni wanakuita tipwatipwa, na mwalimu amewaambia rangi ya viazi vitamu vya zambarau husaidia kupunguza unene, hivyo nikutumie. Huenda ni kweli. Lakini ukila chipsi kila jioni, mama, rangi haitakuokoa.

Mama yetu alivipanda bondeni. Tulikuwa tukivila, ndimi zinakuwa kama tumelamba wino, na wenzetu wanatucheka. Wanunuzi nao wakamwambia, "Hivi vimeoza ndani." Tukahamia vyeupe. Kiangazi kilipofika hakuna aliyemwagilia marando ya vile vya zambarau, mashina ya kupandia msimu ujao, yakakauka.

Juzi nilipokwenda msibani Mabamba nilimkuta mama mmoja sokoni anauza vya zambarau, vya kuchemsha. Nikamwomba marando.

"Ndivyo vya mwisho hivyo, dada. Shamba lote sasa ni vyeupe."

Nikavinunua, nikavila njiani. Nyumbani mwanangu mkubwa akaniuliza, "Mama, umelamba nini?" Nikamtolea ulimi, akacheka sana. Sikuwa na kingine cha kumwonyesha, wala cha kukutumia.

Bibi yako mdogo,
Mama Baraka