Kiberiti Kilichoitika Salamu

Mama Nekesa wangu,

Huku Kitengela upepo bado ni ule wa kupeleka nguo za watu kwa jirani, na mimi bado ni yule mwenye mdomo. Usishtuke kuona naandika. Shule niliiacha darasa la sita, lakini mwandiko haukuniacha. Nakuandikia juu ya yale mazingaombwe yetu ya kiberiti, kwa sababu Jumamosi nimeyafanya tena, mara ya kwanza bila wewe.

Unakumbuka tulipohamia ile ploti ya mabati, miaka ya tisini mwanzoni? Chumba kimoja, kimegawanywa na pazia lako la maua. Mimi dereva wa lori, mtu wa kula samaki Kampala na kunywa chai Kigali, ni lugha gani ingenishinda? Asubuhi ya kwanza yule mama Mmaasai wa maziwa akasimama mlangoni akasema, "Sopa!" Nami nikamjibu kwa heshima zote, "Asante mama, supu hatutaki, tumekunywa chai."

Ulicheka mpaka ukakaa juu ya ndoo.

"Baba Nekesa, hiyo ni salamu! Ukiambiwa sopa, unaitika epa. Mimi nimefundishwa jana tu hapo kwa bomba. Sasa huko Kigali ulikuwa unasalimia watu namna gani?"

Tangu siku hiyo, nikianza kujigamba mbele ya wageni, ulikuwa unasema polepole tu, "Supu hatutaki," na mimi nanyamaza.

Halafu ikaja ile mvua ya kugeuza udongo wetu mweusi kuwa gundi. Watoto wa ploti nzima wakajazana kwetu pamoja na Nekesa. Mimi, mdomo wangu huu, nikawaambia nilifundishwa mazingaombwe na bwana mmoja wa Kampala aliyekuwa anapoteza ndovu mchana watu wakiangalia.

"Fanya basi!" wakapiga kelele. "Poteza kitu!"

Nilitafuta mlango wa kutorokea. Wewe ulikuwa unachambua maharage nyuma ya pazia, ukaniita. Ukachukua kiberiti kitupu, ukavuta ile droo yake ya ndani, ukakata kipande cha kava ya daftari na kukisimamisha katikati kama ukuta, ukakibandika na uji mzito wa unga wa ngano. Upande mmoja ukatia harage moja. Upande wa pili, hewa. Ukisukuma droo huku, kiberiti kitupu. Ukisukuma kule, harage hili hapa. Nilidhani tumemaliza, nikakitikisa.

"Linalia," ukasema. "Watoto wako na masikio." Ukachomoa uzi kwenye sweta yako ya kijani, ukaukunja, ukalitandikia lile harage kitanda. "Haya, enda ukadanganye watu."

Nikatoka kama mfalme. Nikawaonyesha upande mtupu, nikafunga, na hapo ndipo nikakumbuka sina maneno ya uchawi. Kichwani mlikuwa na neno moja tu. Nikakiinamia kiberiti nikasema, "Sopa!"

Nyuma ya pazia, sauti nyembamba kama ya kifaranga ikaitika, "Epa."

Mama, niliruka mimi mwenyewe kabla ya watoto! Walipanda kitanda na matope yao yote. Nikasukuma upande wa pili, harage likatokea, na kuanzia hapo nikawa mkubwa kuliko yule bwana wa Kampala. Watoto walikuwa wanakuja dirishani kukisalimia kiberiti asubuhi kabla hawajanisalimia mimi. Nekesa ameniambia juzi kwamba aliijua sauti yako tangu siku ile. Alinyamaza ili usiache.

Tangu tukulaze kule nyumbani Webuye, hii nyumba tuliyojenga imekuwa kubwa mno. Ninabishana na redio. Chai bado napika ya watu wawili, halafu nakunywa ya pili ikiwa baridi.

Jumamosi Nekesa alikuja kutoka Kware na Nafula, huyu mjukuu wetu mdogo mwenye jina lako. Akanipandia magotini. "Kuka, mama anasema uko na kiberiti inaongea."

Nilitaka kusema kimeharibika. Nani angeitika? Lakini ungeona yale macho. Nikakata ukuta, ukasimama upande kama mlevi. Sweta yako bado iko nyuma ya mlango. Nikachomoa uzi, mmoja tu.

"Sopa!" nikasema.

Kimya. Nikaangalia lile pazia lako, siku hizi liko dirishani. Mimi niliyebishana na askari wa mipaka mitatu nikashinda, nikaanza kukiweka kiberiti chini. Nafula akaweka sikio kwenye kiberiti. "Imelala, Kuka. Salimia tena."

Nikasalimia tena.

"Epa." Nyembamba, kama ya kifaranga. Nekesa alikuwa nyuma yangu na vikombe mkononi. Sauti yako kabisa, Mama. Nafula alipiga nduru, na mimi kwa haraka nikasukuma upande usiofaa. Hewa tupu!

"Supu hatutaki, baba," Nekesa akasema. Tukacheka wote wawili, halafu akaenda jikoni akakaa huko kidogo.

Wamerudi Kware. Kiberiti kiko mezani, upande wako, na harage limelalia uzi wako. Sijakisalimia tena. Nikiwa peke yangu ninaogopa, maana yule mama wa maziwa alikuwa akisema sopa haondoki mlangoni mpaka aitikiwe, na mimi najua nitasimama sana.

Basi nakusalimia hapa kwa karatasi, ambapo mtu hasikii kimya.

Sopa, Mama Nekesa.

Nimesimama,
Baba Nekesa, mzee wako wa supu